Ana A ya Baiolojia, lakini anaamini ugali ukiiva sumukuvu inaisha: nifundisheje?

Swali:

"Habari za kazi, mtaalamu. Nafundisha Kemia na Baiolojia kidato cha pili na cha tatu katika shule ya kata wilayani Chamwino. Darasa moja lina wanafunzi zaidi ya 70. Jengo la maabara tunalo, ila ndani kuna meza, sinki lisilotoa maji na vifaa vichache sana. Wanafunzi wangu wanakariri, fasili wanazitoa kama zilivyo kwenye daftari. Mwezi uliopita tulipokuwa kwenye mada ya fangasi niliuliza sumukuvu kwenye mahindi inaondokaje. Binti anayeongoza darasa, mwenye A ya Baiolojia, akasema ugali ukipikwa ukaiva vizuri sumu inakufa. Darasa zima likakubali. Mwingine akasema waliokufa kijijini kwao mwaka 2016 hawakufa kwa mahindi, walirogwa. Nikasahihisha, wakaandika, lakini niliona wazi hawajaniamini. Nafundishaje sayansi ambayo mtoto ataitumia akiwa nyumbani, bila vifaa, kwa Kiingereza ambacho wengi hawakielewi, na muhtasari niumalize kabla ya mtihani?"

Jibu:

Mwalimu, pole na kazi. Umefanya jambo ambalo wengi wetu hatulifanyi kwa hofu ya muda: umeuliza swali lisilo na jibu kwenye daftari, ukasikiliza. Bila hivyo usingejua kwamba mwanafunzi wako bora ana imani inayoweza kuidhuru familia yake. Ninavyokusoma, huna shida kubwa na alama zao. Kinachokukosesha raha ni kuona sayansi unayoifundisha inaishia kwenye geti la shule.

Nianze na maabara, maana ndiyo inayotajwa kwanza kila tunapokutana. Nimekaa nyuma ya madarasa mengi ya sayansi Dodoma na Singida, ya shule zenye vifaa na zisizo navyo, na tatizo unalolieleza nimelikuta kote. Penye vifaa, mara nyingi mwanafunzi anafuata maelekezo hatua kwa hatua kuelekea jibu analolijua tangu asubuhi. Hapo amekariri vilevile, safari hii kwa mikono. Vifaa vina kazi yake, na nitaitaja mwishoni, lakini ukosefu wake hauelezi kwa nini binti yule alijibu alivyojibu.

Kukariri nako tusikutupie lawama zote. Mtoto asiyekumbuka kwamba kuvu ni kiumbe hai, na kwamba sumu ni kitu kinachotengenezwa na kiumbe hicho, hana pa kuanzia kufikiri. Binti wako anajua mambo mawili ya kweli ambayo hajawahi kuyakutanisha. Kutoka Baiolojia anajua kwamba joto kali huua fangasi. Kutoka Fizikia anajua kwamba maji yakishaanza kuchemka, joto lake halipandi tena. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali linaloyahitaji yote mawili kwa mpigo, kwa hiyo alijibu kwa mantiki ya jikoni. Na mantiki hiyo si ya kudharau: moto unasafisha maji ya kunywa, unasafisha maziwa, kwa nini usisafishe ugali? Amechukua kanuni sahihi akaipeleka mahali isipofanya kazi.

Ndiyo maana kusahihisha hakukutosha. Ulimpa sentensi mpya, hukumpa sababu ya kuiacha ile ya zamani. Kwenye mtihani ataandika yako, nyumbani atapika kwa kufuata ya kwake.

Sasa tuliangalie suala lenyewe, kwa sababu ndani yake kuna somo zima. Fangasi mkuu anayehusika, Aspergillus flavus, humea kwenye mahindi na karanga, hasa mmea ukipigwa na ukame shambani au punje zikiingizwa ghalani hazijakauka. Fangasi mwenyewe hufa kwa moto. Sumu aliyoiacha haiwezi kufa kwa sababu haikuwa hai. Ni kemikali, na haivunjiki kirahisi mpaka joto lipite nyuzi 230 hivi. Ugali una maji. Maadamu maji yamo, moto unaouchochea chini ya sufuria unatumika kuyageuza kuwa mvuke, na joto la ugali linabaki karibu na kiwango cha maji kuchemka. Ukoko unaweza kuungua chini, lakini ugali wenyewe uko zaidi ya nyuzi 130 chini ya joto linalohitajika.

Maelezo haya ukiyaandika ubaoni yatakuwa fasili nyingine ya kukariri. Yanahitaji kuonekana, na kuyaonyesha kunahitaji kipimajoto kimoja, sufuria na jiko la mkaa. Fanya hivi kwenye vipindi viwili vinavyofuatana. Toka nje kwenye kivuli, jiko likae mbali na sketi na masweta. Kabla hujawasha, kila mwanafunzi aandike kwa kalamu ya wino majibu ya maswali mawili: maji haya yatachemka yakifika nyuzi ngapi? Na yakishachemka, tukiongeza mkaa na kupepea, joto litapanda, litashuka au litabaki? Aandike na sababu. Wino ni muhimu, maana ukiwaruhusu penseli watafuta wakishaona matokeo, na kumbukumbu ya walichokiamini itapotea.

Kisha wanafunzi wawili wasome kipimajoto kila dakika, wa tatu aandike ubaoni. Karibu wote watakuwa wameandika 100. Dodoma mjini tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji huku huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Subiri uone kitakachotokea. Nimelishuhudia mara nyingi: mwanafunzi anainama, anasoma 96, anatazama ubao, anamtazama mwalimu, halafu anatamka 100. Ameona kwa macho yake mwenyewe, akayakana macho yake kwa sababu kitabu kimesema vingine.

Usimkemee. Muulize kwa upole, "Umeona ngapi?" Akisema 96, andika 96 kubwa ubaoni, kisha geukia darasa: kwa nini? Watasema kipimajoto ni kibovu. Hilo ni wazo zuri na linastahili kupimwa. Nunua barafu dukani, iponde, iache iyeyuke kidogo kwenye kikombe, tumbukiza kipimajoto kile kile. Kikisoma sifuri au karibu na hapo, ubovu unaanza kukosa nguvu kama maelezo. Kikisoma 2, mmejifunza kwamba kifaa chenu kinazidisha, na vipimo vyote mnavisoma mkijua hivyo. Wengine watasema maji yetu yana chumvi. Nalo ni wazo zuri, ila chumvi hupandisha kidogo kiwango cha kuchemka, haikishushi. Baada ya hapo ndipo uwape mgandamizo wa hewa: maji huchemka pale msukumo wa mvuke wake unapolingana na mgandamizo wa hewa iliyo juu yake, ukipanda mlima hewa inapungua, kazi ya mvuke inakuwa nyepesi, maji yanachemka mapema. Kila unapopanda kama mita 300, kiwango hushuka kwa takriban nyuzi moja. Waache wapige hesabu wenyewe kwa mita 1,100. Kitabu hakikukosea, kilikuwa kinazungumzia usawa wa bahari.

Atatokea mmoja aulize kama basi maji tunayochemsha Dodoma si salama. Mshukuru. Mjibu kwamba vijidudu vinavyoleta kuhara hufa hata kabla maji hayajafika nyuzi 96, kwa hiyo maji yaliyochemka vizuri huku ni salama kwa upande huo.

Halafu rudi kwenye lile swali la pili. Wameona mkaa umeongezwa, mtu amepepea, maji yanaruka, na kipimajoto kimesimama pale pale dakika hadi dakika. Hapo hapo, jiko likiwa bado la moto, uliza: sumukuvu inahitaji zaidi ya nyuzi 230 ili ivunjike, je, ugali unaweza kufika huko? Usijibu. Binti yule atajibu mwenyewe, na jibu hilo litakuwa lake.

Mwalimu, hilo ndilo ninaloliita uelewa wa sayansi: mtoto aweze kueleza tukio kwa kanuni anazozijua, aweze kusema angelipimaje, na aweze kuangalia ushahidi na kusema unatosha au hautoshi. Swali moja linabeba karibu yote hayo, nalo ni "Umejuaje?" Liulize kila kipindi, kwa jibu lililo sahihi na lisilo sahihi, mpaka walizoee. Ukiliuliza pale wanapokosea tu, litageuka fimbo.

Tuje kwa yule aliyesema watu walirogwa. Usimcheke, na usiruhusu darasa limcheke. Huenda amezika ndugu. Mwaka 2016 watu 68 waliugua katika mikoa ya Dodoma na Manyara, 20 wakafa, na mwanzoni watu hawakujua ni ugonjwa gani. Kutafuta maelezo wakati watu wanakufa ni jambo la kibinadamu kabisa, na familia yake ilitumia maelezo iliyokuwa nayo.

Badala ya kubishana naye, wape wote kazi ya uchunguzi. Waambie: kijiji kimoja, hewa moja, kisima kimoja. Nyumba hii ina wagonjwa wawili, ya jirani haina hata mmoja. Mmetumwa mjue sababu. Mtauliza nini, na mtapima nini? Wape dakika kumi kwa vikundi. Utashangaa. Watasema chakula, maji, dawa walizotumia, wageni waliopita, kama mbwa na kuku nao wameugua. Kisha waambie kwamba wachunguzi walifanya jambo la namna hiyo hiyo: walilinganisha kaya zenye wagonjwa na zisizo na wagonjwa, wakapima mahindi yaliyokuwa yakiliwa. Malizia kwa swali la wazi: kama sababu ni mahindi, tungetarajia kuona nini? Na kama sababu ni uchawi, tungetarajia kuona nini kilicho tofauti? Waache wabishane. Sitakudanganya kwamba imani hiyo itaondoka kwa muhula mmoja. Wapo watu wazima wenye shahada wanaoishi na yote mawili. Lakini mtoto anayeuliza "tungetarajia kuona nini" ameshika chombo atakachokitumia maisha yake yote, na mahindi atayakausha hata kama bado anajiuliza nani alimtuma nani.

Kukausha kuna jaribio lake, nalo ni la bei ya chumvi. Chukua chumvi ya kawaida, ikaange kwenye kikaango kikavu mpaka ikauke kabisa. Tafuta chupa za kioo zenye vifuniko, kavu ndani. Tia mahindi mpaka robo au theluthi ya chupa, ongeza chumvi kama vijiko viwili, funga, tikisa kwa dakika moja au mbili, kisha iache itulie kwa robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15 hivi, hayafai kuingia ghalani. Ikibaki haijashika kioo, unyevu uko chini ya hapo. Wewe jioni ya kuamkia siku hiyo nyunyizia maji kidogo mahindi ya nusu ya makundi, funika, na usiwaambie ni yapi. Wanafunzi wabashiri kwa kushika na kung'ata kwa meno kama wafanyavyo nyumbani, waandike, halafu chupa iseme. Hakikisha mahindi ni mazima na safi. Asije mtoto na punje zenye ukungu ili "tuone", maana vumbi lake si la kuvuta, na hapo hata hao wanaong'ata watakuwa hatarini.

Sehemu yenye thamani kubwa kuliko zote katika jaribio hili ni swali la baadaye: chupa imetuambia nini, na haijatuambia nini? Imetuambia unyevu. Haijatuambia kama sumu imo. Mahindi yaliyokauka leo yanaweza kuwa na sumu iliyoingia shambani wakati wa ukame. Na kiwango cha juu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za sumukuvu ya aina hii (aflatoksini) kwa kilo moja ya mahindi, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona hata kidogo. Kuchambua punje mbovu na kukoboa hupunguza, hakuondoi yote. Mwanafunzi anayeweza kusema "kipimo hiki hakitoshi kuthibitisha hilo" amefika mbali kuliko mwenye fasili kumi.

Kuhusu Kiingereza nitasema ninavyoamini: kwa darasa kama lako, lugha ni kikwazo kikubwa kuliko maabara. Hawa watoto wamesoma shule ya msingi yote kwa Kiswahili, wengi nyumbani wanazungumza Kigogo, kisha kidato cha kwanza kila kitu kinageuka. Mtoto hawezi kubishana kwa lugha ambayo bado anaitafuta, na asiyebishana hafikirii. Ubashiri, mabishano na maelezo ya kwanza yafanyike kwa Kiswahili, bila kuona haya. Lakini mtihani wa taifa uko kwa Kiingereza, na ukiwaacha kwenye Kiswahili mpaka mwisho umewadhulumu. Kwa hiyo dakika kumi za mwisho kila mmoja aandike kwa Kiingereza sentensi tatu za kile alichokisema kwa Kiswahili, na zifuate mpangilio mmoja: nadai kwamba hivi, nimeona hivi, na sababu yake ni hii. Weka ubaoni maneno manne au matano ya kitaalamu na mwanzo wa kila sentensi. Baada ya miezi michache ondoa mianzo hiyo, utakuta wanaandika bila msaada.

Hutasahihisha daftari 70 kila mara, na usijaribu. Chukua daftari za mstari mmoja wa madawati, soma sentensi ya tatu tu, ile ya sababu. Humo ndimo utajua darasa limeelewa nini. Kipindi kinachofuata soma kwa sauti sababu mbili zisizo na jina, moja nzuri na moja yenye pengo, darasa liseme ipi ina nguvu na kwa nini.

Kuhusu muhtasari, usifanye hivi kwa kila mada. Hutamaliza, na mkuu wako wa taaluma atakuwa na haki ya kulalamika. Fungua azimio lako la kazi, uchague mada ambazo watoto wanaingia darasani wakiwa tayari na imani zao: fangasi na magonjwa, joto, asidi na besi, maji magumu, radi, uzazi. Mbili kwa mwezi zinatosha. Nyingine fundisha kama kawaida, ukilitumia lile swali la "umejuaje" pale linapofaa. Na ujiandae: wale waliozoea kushinda kwa kukariri ndio watakaolalamika kwanza, kwa sababu umewabadilishia uwanja. Wastani wa darasa usiutarajie kupanda mara moja. Kinachobadilika mapema ni idadi ya wanaoinua mikono, na aina ya maswali wanayouliza.

Kwa Kemia uko mahali pazuri kuliko unavyodhani. Choya inayouzwa sokoni ukiichemsha inakupa maji mekundu yanayobaki mekundu kwenye ubuyu na kugeuka kuelekea bluu au kijani kwenye magadi. Maji magumu unayo kisimani. Linganisha povu la sabuni ya kipande kwenye maji ya kisima na kwenye maji ya mvua, ila usitumie sabuni ya unga ya dukani, kwa kuwa hiyo hutoa povu kwenye maji yoyote na jaribio litakufa. Kisha chemsha maji ya kisima, yapoe, mjaribu tena: povu likiongezeka, sehemu ya ugumu ule ulikuwa wa muda. Jambo moja usijaribu kuligundua kwa vitu vya jikoni ni floraidi. Sehemu za Singida na mikoa ya kaskazini zina visima vyenye floraidi juu ya miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani, na meno ya kahawia mnayoyaona kwa baadhi ya watoto yanaweza kutokana na hilo. Wanafunzi wakiuliza, waambie kipimo chake kinafanywa na maabara za ubora wa maji, na kama darasa mwandike barua ya kuomba matokeo ya kisima chenu. Barua hiyo nayo ni sayansi.

Walimu wengi huniuliza: mwanafunzi akileta jambo nisilolijua, au linalopingana na kitabu, nifanyeje? Hapa sisi Watanzania tuna mfano wa kwetu. Erasto Mpemba, akiwa kidato cha tatu Magamba mwaka 1963, aliona mchanganyiko wake wa aiskrimu uliowekwa ukiwa wa moto ukiganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa, wenzake wakamtania. Alipofika Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa Fizikia aliyekuja kutoka Dar es Salaam, na wenzake wakacheka tena. Osborne hakusema ndiyo wala hapana. Alirudi chuoni akamwomba fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaleta taarifa kwamba maji ya moto yaliganda kwanza, akaahidi ataendelea kurudia mpaka apate jibu sahihi. Mpemba na Osborne waliandika matokeo yao mwaka 1969, na mpaka leo wanasayansi wanabishana kama jambo hilo hutokea kweli na katika hali zipi. Wapo waliopima kwa uangalifu wasilione. Wasimulie wanafunzi habari yote, pamoja na huo ubishi. Ukiishia kwenye ushujaa wa Mpemba, umewapa hadithi nzuri na umewaficha sayansi. Na wewe ukiletewa swali la namna hiyo, jibu la Osborne linakutosha: tutajaribu.

Video kwenye simu yako zinafaa kwa vitu visivyoonekana, kama kuvu chini ya hadubini, lakini watoto 70 hawawezi kuona simu moja. Azima projekta au uiache. Klabu ya sayansi ni nzuri, ila huvutia wale wale ambao tayari wanapenda. Yule asiyejiunga ndiye atakayelima, atakayehifadhi mahindi na atakayelea watoto, kwa hiyo nguvu zako za kwanza ziweke kwenye kipindi cha kawaida.

Yapo mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi. Mwanafunzi akikuambia nyumbani kwao kuna mtu ana macho ya njano, anatapika, tumbo limejaa au limevimba, na wamekuwa wakila mahindi yenye ukungu, hilo si somo tena. Aende hospitali siku hiyo hiyo, na mahindi hayo wasiyale wala wasiwape kuku au ng'ombe, maana sumu hupita hata kwenye maziwa. Mjulishe afisa afya au afisa kilimo wa kata.

Kwa upande wa ufundishaji, tafuta mtu akae nyuma ya darasa lako. Vikao vya MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini) shuleni ni mahali pake: fundisha somo la maji kuchemka mbele ya mwenzako wa Fizikia, na umwombe aandike jambo moja tu, nani alizungumza na kwa muda gani. Walimu wengi hushtuka wakiona dakika zao wenyewe. Mdhibiti ubora wa shule akija, mwonyeshe daftari zenye ubashiri wa wino, hata zile zenye majibu yasiyo sahihi, na umweleze kwa nini ziko hivyo, asije akadhani hujasahihisha.

Na hapa ndipo vifaa vinapoingia. Buriti, pipeti na hesabu za titresheni haziwezi kufundishwa kwa chupa za jamu. Mwanafunzi anayekutana na buriti kwa mara ya kwanza siku ya mtihani wa vitendo ameshapoteza alama kabla hajaanza. Ongea na mkuu wako wa shule aombe nafasi kwenye shule ya jirani yenye maabara inayofanya kazi, Jumamosi mbili au tatu kwa muhula, kidato cha tatu kwanza. Pelekeni kemikali zenu hata kama ni kidogo, na fundi maabara wao mumwombe rasmi. Barua iende mapema mwanzoni mwa muhula, kabla wenyeji hawajaanza kuwaandaa watahiniwa wao, kwa sababu wakishaanza hawatakuwa na meza ya kuwapa.